Mvua ya Kwenye Simu ya Ngusa

Geita, 6 Oktoba 2024

Kwako dada Limi, mwenye mji wetu wa Didia,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima, baba mzima, ng'ombe wazima, na yule jogoo wako mkorofi bado hajaingia chunguni. Mimi huku nimezidi uzima. Nimenenepa shingo, ukiniona utadhani diwani.

Barua hii anakuletea Mama Ritha, yule muuza mitumba anayezunguka minada. Usishangae kijana wa mjini kuandika kwenye karatasi. Simu ya nyumbani ndama aliikanyaga ikafa, na nikipiga ya jirani yetu Mzee Boaz, anaweka sauti ya juu, uwanja mzima unasikiliza. Mara ya mwisho nilikuuliza kama jipu limepona, nikajibiwa na watu sita. Bora karatasi.

Kazi ipo. Nakaa kwenye kibanda cha Chacha, Mkurya wa Tarime, hapa jirani na stendi. Tunachaji simu za wachimbaji na kuwaingizia programu. Yeye ni bosi kwa jina, akili ni mimi. Niliishia kidato cha pili, lakini wale walimu wangu wakija hapa watakaa foleni kama wengine.

Sasa sikiliza nikufungue macho, wewe na kitabu chako cha ushirika wa pamba. Simu yangu ni janja. Kioo kimepasuka pembeni, hilo ni pambo. Ndani yake kuna programu inayohesabu hatua. Jana nilitembea hatua elfu kumi na moja, karibu zote nikienda kula. Kuna ya ramani, mwanamke yumo humo ndani anakwambia pinda kushoto, pinda kulia, na Chacha hubishana naye kwa sauti. Kuna ya kung'arisha sura. Mchimbaji anatoka shimoni na vumbi mpaka kwenye kope, nampiga picha, nabonyeza mara mbili, anakuwa mweupe kama mchele. Anamtumia mkewe. Mkewe anajibu: huyu ni nani?

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ya mvua. Inachora wingu na matone, inaandika siku na asilimia, siku kumi mbele. Wiki iliyopita ilisema Jumatano saa tisa, na Jumatano saa tisa watu walikimbia na viti vyao. Tangu hapo wenye vibanda wote wananiuliza mimi kwanza ndipo waanike mihogo. Mambo ya kunusa upepo yamepitwa na wakati, mwambie baba.

Msalimie sana. Akiuliza kama nakula, mwambie aangalie shingo.

Mdogo wako mwenye nyota,
Ngusa


Didia, 17 Oktoba 2024

Mdogo wangu Ngusa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Jogoo yupo. Ng'ombe mmoja, yule wa madoa, ana kikohozi lakini anakula. Mzee Boaz anakusalimia na anasema jipu langu limepona.

Barua yako nilimsomea baba jioni yake. Unajua alivyo tangu tumzike mama mwezi wa kwanza. Anajibu ndiyo, anajibu hapana, anarudi kutazama miguu yake. Nilisoma habari za hatua, kimya. Nikasoma za huyo mwanamke wa kushoto na kulia, kimya. Nilipofika kwenye mvua alivuta kigoda akasogea. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu akacheka, Ngusa. Sikuwa nimesikia kicheko chake mwaka huu.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Yale masuke ya mtama wa mama bado yananing'inia jikoni juu ya moto, kama alivyoyafunga mwenyewe. Ni ule mtama wake mwekundu wa suke fupi, aliokuja nao kutoka kwa bibi alipoolewa, ambao hapa kijijini hakuna mwingine anao. Msimu uliopita alikuwa kitandani, hatukupanda. Nimepukuchua punje chache nikazijaribu kwenye kitambaa chenye maji: kumi, zimeota sita. Mwakani hazitaota. Kwa hiyo ni msimu huu au basi.

Baba anaogopa kukosea. Mama ndiye aliyekuwa anajua siku. Ananiambia nikuulize: hiyo simu ikisema mvua ya kupandia, utatuandikia? Ameniambia niandike neno "tafadhali". Nimeliandika.

Kula vizuri. Shingo haitoshi.

Dada yako,
Limi


Geita, 9 Novemba 2024

Dada Limi, katibu wa baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpe mzee. Huku salama. Chacha amepata jino la dhahabu, siku hizi anacheka hata kwenye msiba. Mimi nimepanda cheo, nakaa upande wa ndani wa kibanda.

Mwambie baba "tafadhali" arudi nayo. Mtoto wa mtu haombwi, anaagizwa. Na ameagiza kwa mwenyewe! Ningekuwa zamani zile za watemi wa kuleta mvua, mngenijengea nyumba na kuniletea ng'ombe mweusi kila msimu. Mimi nadai mtindi tu nikija Krismasi.

Nimeitazama simu asubuhi, mchana na jioni kwa siku tano, sijataka kuropoka. Andika na kalamu nyekundu kama unayo: Ijumaa tarehe 15 mvua, asilimia tisini. Jumamosi mvua. Jumapili mvua. Jumatatu mvua. Siku nne mfululizo, dada, matone makubwa, mpaka na radi imechorwa. Baba apande kabla ya Ijumaa, afukie kwenye vumbi, maji yazikute punje zimelala zinasubiri.

Na asinisumbue na mambo ya nusu leo nusu kesho. Siku nne ni siku nne. Namtuma Mama Ritha leo hii, ameahidi atakuwa huko Jumatatu.

Mimi mwenyewe nimefurahi, siwezi kuficha. Sikuwahi kumfanyia mama jambo. Nilifika siku ya mazishi kaburi limeshafukiwa, unakumbuka, nikasimama pale na begi. Huu mtama ukisimama shambani, na mimi nitasema nilikuwepo.

Haya, nisikuharibie karatasi. Pandeni!

Ngusa, mganga wa mvua bila hirizi


Didia, 19 Novemba 2024

Ngusa mdogo wangu,

Marahaba. Wa madoa amepona. Tumepata mgeni, shangazi Mariana, amekuja kukaa nasi wiki mbili. Anaulizia sana habari zako. Mzee Boaz aliniambia ulipiga simu Jumanne ukasalimia tu. Umekuwa na adabu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Baba aliiweka mfukoni, yeye asiyejua kusoma, akawa anaitoa kwa kila anayepita. "Mwanangu anaiona mvua akiwa Geita." Alikwenda nayo mpaka kisimani. Watu walimcheka kidogo, wengine waliuliza tarehe.

Tulipanda Alhamisi. Shangazi alishika jembe, mimi ungo, baba alitoboa na kufukia. Mama, unakumbuka, alikuwa anagawa mafungu matatu. La kwanza anapanda, mengine anayarudisha jikoni mpaka aone limeshika. Nilimkumbusha baba. Akasema, "Ngusa ameandika siku nne ni siku nne." Akamaliza ungo wote.

Ijumaa hakukuwa na kitu. Jumamosi jioni ilipita manyunyu, kama robo saa, vumbi likalowa kina cha kiganja kimoja. Tangu hapo jua. Leo asubuhi nimeona yameanza kuchomoza, majani mawili mawili, kama masikio ya panya. Hapo ndipo ninapoogopa. Punje zingebaki chini kavu zingesubiri. Zimeshaamka, zinataka kunywa.

Baba anashinda shambani. Haniulizi mimi, anauliza barua imekuja? Tafadhali tazama simu yako utuambie inasema nini sasa. Usisubiri Mama Ritha. Piga kwa Mzee Boaz, waache wasikie.

Limi


Geita, 30 Novemba 2024

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mpe shikamoo baba, mpe shangazi Mariana. Ametunza afya? Nilisahau kukuambia, Chacha jino lile limeng'oka, kumbe ni rangi. Tumecheka mpaka wateja wakakimbia.

Nimepata programu mpya ya Biblia. Unabonyeza, sauti ya mwanamume inakusomea, huna haja ya kujua kusoma. Nikija nitamwekea baba. Iko pia ya kutafsiri lugha, nimeijaribu Kisukuma haijui, nimeitukana kwa Kisukuma haikujua pia. Na ile ya hatua imeniambia nimepungua kutembea. Kazi ni nyingi sana. Bando nalo limepanda, na mtandao huku unasumbua, ndiyo maana sikupiga.

Wa madoa kupona ni jambo kubwa. Mpeni majani mabichi.

Krismasi sijui kama nitapata nafasi.

Ngusa


Didia, 12 Desemba 2024

Ngusa,

Hatujambo. Shangazi Mariana ameondoka.

Majani mabichi tutayatoa wapi?

Mtama umekufa. Wa kwanza kufa ulikuwa wa upande wa kichuguu, halafu wa katikati. Kwa siku tisa mimi na baba tulichota maji kisimani na ndoo, tukamwagia mche mmoja mmoja kwa kikombe, mpaka wenye kisima wakatuambia na wao wana ng'ombe. Walikuwa sahihi. Uliobaki ulikuwa chini ya mti wa mwiba, miche kumi na minne. Nilikuwa naihesabu kila siku. Jumapili tulikuwa kanisani, mbuzi wakaimaliza.

Baba aling'oa mmoja uliokauka akautazama mzizi. Akasema, "Mama yenu alinipa mtama huu nikiwa kijana, na mimi nimeuua kwa siku moja." Anaona ni yeye.

Kisimani kuna wanaosema mzee Fulani amepanda kwa simu. Hawamsemi vibaya, wanatania tu, ila sasa baba anakwenda kuchota watu wakishaondoka.

Nilikuandikia utuambie simu inasema nini. Ukaniandikia jino la Chacha. Nakufahamu tangu nakubeba mgongoni, Ngusa. Ukivunja kitu unaanza kuchekesha. Nakuuliza swali moja na nataka jibu lake peke yake: ile mvua ya siku nne uliiona kweli, au uliitunga?

Limi


Geita, 22 Desemba 2024

Dada Limi,

Shikamoo. Sina habari nyingine.

Niliiona. Sikutunga. Ijumaa ile, na Jumamosi, na Jumapili, na Jumatatu, mvua ilinyesha asilimia zote. Ilinyesha hapa. Stendi ilijaa tope, kibanda chetu kilivuja. Ni mvua ya Geita niliyokuwa nawaandikia.

Juu kabisa kwenye ile programu kuna neno dogo, Geita. Nilikuwa naliona kila siku. Nilidhani ni kuonyesha simu iko wapi, basi, kama mtu anavyoandika mji wake juu ya barua. Sikujua inasema mbingu ya hapa peke yake. Niliona mbingu ni moja. Huku tuko karibu na ziwa, mvua inapata pa kutokea. Huko kwenu inapita juu juu. Hata mtoto wa darasa la nne anajua hilo, na mimi nililijua, ila nikaona simu ina akili kunishinda.

Hilo ni kosa, na ningeliandika mapema kama lingekuwa hilo tu.

Jumanne tarehe 12 nilikuwa namtambia Chacha kwamba baba yangu anapanda kwa maneno yangu. Akauliza, "Baba yako yuko Geita?" Nikasema yuko Didia. Akacheka na lile jino. Akasema, "Ngosha," kama anavyomwita kila Msukuma, "andika Didia hapo juu." Nikaandika. Picha zikabadilika zote. Jua, jua, jua, wingu dogo Jumamosi, jua, mpaka mwisho.

Jumanne, dada. Mlipanda Alhamisi.

Ndipo nikapiga kwa Mzee Boaz. Alipokea na sauti yake ya juu akapiga kelele, "Njooni, mwenye mvua huyu hapa!" Nikasikia watu wanakuja. Nikamsikia baba kwa mbali anasema, "Mwacheni aseme, mwacheni aseme." Sikuwahi kusikia baba ana sauti ile. Mzee Boaz akasema, "Haya, mtaalamu, tunakusikiliza." Nikasema, nasalimia tu. Nikakata.

Nilijiambia nitapiga tena kesho asubuhi. Kesho nikajiambia pengine na ya Didia inakosea. Alhamisi nikazima simu. Ijumaa ilipokuwa inanyesha hapa niliomba ihame, nilisimama nje nikaomba kwa sauti, watu wakadhani nimelewa.

Ile programu nimeifuta. Wateja wakiuliza mvua nawaambia tazama juu.

Nakuomba umsomee baba, kwa sababu anaona ni yeye. Mimi sikuweza kusema mbele ya uwanja, na ana kwa ana pia sitaweza. Sitakuja Krismasi. Si kazi.

Ngusa


Didia, 9 Januari 2025

Ngusa,

Tumepokea barua yako. Tu wazima wa mwili.

Mvua imefika, tangu Mwaka Mpya hainyamazi. Kila mtu yuko shambani. Mzee Boaz alitupa debe la mbegu ya mtama mweupe ule wa dukani, akasema tusilirudishe. Tumeshapanda. Umeota vizuri.

Nilimsomea baba barua yako yote. Nilitaka kuruka pale penye Jumanne, akaniambia, "Umeruka. Naona macho yako yameruka." Nikarudi nikasoma. Pale penye simu ya Mzee Boaz alitaka nirudie, nikarudia, naye anajikuna goti. Akasema, "Kwa hiyo alipiga ili atuzuie." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilisikia anapumua. Nikajua kuna neno. Nikadhani ni furaha inamziba."

Jioni akanituma nikuandikie haya, kwa maneno yake: "Mwambie nimesikia. Mwambie habari za mvua asiniletee tena, nitaitazama mwenyewe. Aniletee habari zake. Aseme amekula nini, analala wapi, nani anamfulia. Mtama umekwenda. Yeye nisimkose." Halafu akasema uje, hata kama huna la kusema, kuna palizi.

Hayo ni ya baba. Yeye ni mzazi.

Mimi nikwambie langu. Ungepiga hata usiku, ungesema neno moja, "msipande". Watu wangecheka wiki moja. Wewe kicheko hukiogopi, umekula kicheko maisha yako yote. Sijui kwa nini hicho kimoja kilikushinda.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa na mama jikoni akichagua masuke. Alikuwa ananionyesha, hili la mbegu, hili la uji. Mwaka ule wa mwisho alinionyesha akiwa amelala, kwa kidole. Sasa najua kuchagua mtama ambao haupo.

Na lipo jingine ambalo sijamwambia baba. Siku ile shambani nilikuwa nimeshika ungo mimi. Baba alikuwa amenipa mgongo, anatoboa. Ningetia konzi moja ya punje kwenye pindo la khanga, asingejua mtu. Nilifikiria, nikaanza kuchota. Halafu nikakumbuka ulivyoandika kwamba na wewe utasema ulikuwepo. Nikaona nikificha nitakuwa sijakuamini.

Nikazirudisha kwenye ungo, Ngusa. Zote.

Mwandikie baba, nitamsomea. Mimi usiniandikie kwanza. Siku nikiweza nitaanza mwenyewe.

Limi